Mtoto Hujifunza kwa Mkono Wake

Ndugu zetu, katika somo la leo tumekusudia kueleza maana ya elimu ipatikanayo kwa kutenda, kwani ni jambo linalosemwa sana na kufahamika kidogo.

Yajulikana kwamba utaratibu wa 8-4-4 ulianza Kenya mwaka 1985, na kwamba tangu Januari 2019 skuli zilianza, katika madarasa ya chini, mtaala wa umilisi, utakao mtoto aweze kufanya, si kukariri tu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023.

Rai hii si mpya. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani (1859–1952), alifungua skuli katika chuo kikuu cha Chicago mwaka 1896. Humo watoto walipika, walishona na kuranda mbao, na ndani ya kazi hizo wakafundishwa hesabu na ilimu nyinginezo. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 aliwaonya watu kwamba si kila tendo humwelimisha mtu. Lazima tendo lifuatwe na fikira.

Wala kwetu si ngeni. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hakumfundisha kijana kwa ubao na chaki. Alimpa tezo akamtazama. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu mmoja alisali vibaya msikitini, naye Mtume (S.A.W.) akamrudisha akasali tena, hata mara tatu, mpaka mwenyewe akakiri kwamba hajui zaidi ya hayo, akaomba afundishwe. Hapo ndipo alipofundishwa. Utazameni mpango huu: kwanza kutenda, kisha kuona upungufu, kisha kuuliza, ndipo kufundishwa.

Sasa tuitazame hali yetu. Hapa Hurlingham, magharibi ya jiji la Nairobi, mtoto akaaye gorofa ya nne, asiye na shamba wala bustani, huagizwa na skuli atengeneze sanamu ya kutishia ndege. Usiku huingia, mama amechoka, baba hajarudi kazini. Mwisho mtumishi huishona, au hulipwa fundi, na asubuhi mtoto huchukua kazi asiyoigusa, akapewa alama. Jee, amejifunza nini? Amejifunza mambo mawili: kwamba mkono wake hauna haja, na kwamba mtu aweza kusifiwa kwa kazi ya mwenziwe. La kwanza ni hasara, na la pili ni khiyana. Wala wenzetu wa Mombasa na Malindi wasidhani kwamba wao wamesalimika.

Hatumlaumu mzazi peke yake. Mwalimu aagizaye vitu vya kununuliwa humdhiki maskini. Na malalamiko ya wazazi yalizidi, hata mwaka 2022 Serikali ikaunda jopo la kuuchunguza mfumo wa elimu. Lakini nyumbani kwetu hatuhitaji kungoja jopo.

Chukueni kunde 200. Mwambieni mtoto azigawe mafungu ya arubaini arubaini, kisha atoe moja katika kila fungu. Atapata tano. Muulizeni: na katika shilingi 1,000 zitatoka ngapi? Akikosea, msimpe jawabu. Mrudisheni kwenye kunde. Akifika 25, amekwisha kukijua kiwango cha zaka ya fedha kwa vidole na kwa akili pamoja, wala hamkutumia hata senti. Na kunde zenyewe zitapikwa jioni.

Wala mtu asidhani kwamba twadharau hifdhi. Hifdhi ni ghala, na nyumba isiyo na ghala hufa njaa. Lakini ghala isiyofunguliwa nayo haimshibishi mtu.

Basi, enyi wazazi, kaeni kando ya mtoto, wala msikae mahali pake. Sanamu iliyopinda aliyoishona mwenyewe, akaweza kueleza kwa nini imepinda, ina elimu ndani yake. Iliyonyooka ya kununuliwa haina. Wabillahi tawfiq.