Dondoo Muhimu: Kuusoma Utendi wa Tambuka kwa Ufahamu

Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728 ukiwa na beti zaidi ya elfu moja, haueleweki kwa kusomwa kimyakimya mara moja, kwa kuwa ni utungo wa kughaniwa, yaani kusomwa kwa sauti yenye mahadhi. Kwa hiyo msomaji aanze kwa kughani beti chache kila siku, akihesabu mizani, yaani silabi 8 za kila mshororo, na akisikiliza jinsi mishororo mitatu ya kwanza inavyoafikiana kwa kina, huku wa nne ukibeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti.

Kikwazo kikubwa ni lahaja ya kaskazini ya Kiswahili iliyotumika katika utendi huu. Msomaji atengeneze faharasa yake mwenyewe, akiandika kwamba ndia ni njia na kuya ni kuja, kwani mabadiliko hayo ya sauti hufuata kanuni, na anayezijua kanuni chache huyatambua maneno mengi bila kamusi.

Baada ya kila sehemu afunge kitabu na kusimulia kwa maneno yake yaliyotokea baina ya jeshi la Waislamu na lile la Herekali, kaisari wa Rumi. Safari ya kijeshi ya Waislamu kwenda Tabuk ya mwaka 630, ambayo ndiyo chanzo cha kisa hiki, haikuishia katika vita vikubwa, ilhali utendi unasimulia vita vikali. Tofauti hiyo aijadili na wenzake, kwa sababu hapo ndipo ubunifu wa mshairi unapoonekana wazi zaidi. Maelezo ya wahakiki yasomwe baada ya jitihada hizo, si kabla.