Sweta Kuukuu, Nyota ya Krismasi



Shule zikifungwa Desemba, watoto wetu hapa Ishiara hawakosi kazi: kuchunga mbuzi, kupalilia ndengu, kuchota maji. Wengine huitwa kuchuma muguka wapate pesa kidogo. Lakini ni lini mliketi nao mkatengeneza kitu pamoja? Somo hili linataka alasiri mbili tu na sweta moja iliyochoka.

VIFAA
Sweta ya sufi halisi, sabuni ya kipande, beseni, makasi, sindano, uzi na jalada la daftari.

KUTAMBUA SUFI
Sweta nyingi za shule ni za nyuzi za kiwandani, hazifai. Mtu mzima avute uzi mmoja auchome. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua na kuwa majivu. Uzi wa kiwandani huyeyuka, ukawa tone gumu.

NJIA
1. Mtu mzima aloweke sweta katika maji moto yenye sabuni, aisugue na kuiponda kwa mti, kisha aisuuze kwa maji baridi. Arudie mpaka ufumaji usionekane. Nyuzi hushikana, sweta ikawa ndogo na nene. Ndiyo sababu ukiikata haifumuki. Ianikeni ikauke.

2. Watoto wachore nyota, kondoo au mbuzi kwenye jalada, wakate. Waliweke juu ya kitambaa, wakate vipande viwili vinavyolingana.

3. Washone ukingoni, waache nafasi ya vidole viwili, wajaze mabaki, kisha wafunge. Watie kitanzi cha uzi.

Wadogo wachore na kujaza, wakubwa washone. Hesabuni sindano: zikitoka 6, zirudi 6.

TUSISAHAU
Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamkinga mtoto na kazi inayomdhuru au kumzuilia masomo. Basi hata mkiuza chache sokoni, mapambo haya yasigeuke kibarua. Na nyota ikienda upande, mama usiifumue ukaishona upya. Itundikeni hivyo hivyo kwenye pango la Krismasi, mtoto aione kazi yake mbele ya watu wote.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Likizo hii watoto wetu wanashinda wapi, na nani?
2. Kazi gani za nyumbani zinawafunza, na zipi zinawaumiza?
3. Nani katika kikundi atatoa sweta, na nani atakaa na watoto?