Uraibu Sio Mwisho: Tumsindikize Ndugu Yetu Mpaka Apone



Kijana mwenzangu, mtaani neno "teja" linatutoka mdomoni haraka sana. Tukishamwita mtu hivyo, ni kama tumemfutia jina lake la ubatizo. Leo tujifunze uraibu ni nini, na sisi wa kwaya, wa VIWAWA na wa jumuiya tumsaidieje.

Uraibu ni nini?

Kuonja mara ya kwanza mara nyingi ni uamuzi. Lakini unga na pombe hubadilisha utendaji wa ubongo. Mwili unazoea, kiasi cha jana leo hakitoshi. Akikosa unga anapata arosto: viungo vinauma, anatapika, anaharisha, hapati usingizi. Hapo hatafuti tena raha, anatafuta nafuu. Ndiyo maana kumwambia "si uache tu!" hakumsaidii.

Je, ni dhambi? Katekisimu (2291) inafundisha kuwa kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya tiba ni kosa kubwa. Lakini pia (1735) inasema uwajibikaji wa mtu unaweza kupungua kwa sababu ya mazoea. Tushike yote mawili.

Mtakatifu aliyekuwa mraibu

Marko Ji Tianxiang alikuwa daktari Mkatoliki nchini China, aliyewatibu maskini bure. Alipougua tumbo alijitibu kwa afyuni, ikamnasa. Aliungama dhambi ile ile tena na tena, mpaka padre akamnyima maondoleo akidhani hana nia ya kuacha. Takriban miaka 30 hakupokea sakramenti, lakini kanisani hakuacha kwenda! Mwaka 1900 aliuawa kwa ajili ya imani pamoja na ndugu zake. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Hii siyo ruhusa ya kuendelea kutumia. Marko hakuwa na tiba tuliyo nayo leo. Inatufundisha kwamba Mungu hakumwacha hata pale watu waliposhindwa kumwelewa.

Tumsindikizeje?

1. Mpeleke kwenye tiba. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011. Mtu anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto, akili inatulia, anaweza kufanya kazi. Usimkejeli kwamba "amebadilisha unga kwa unga". Naye aliyekunywa pombe nyingi kwa muda mrefu asikatishwe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege, hata kufa. Aanzie hospitali.

2. Usimpe hela mkononi. Mpe chakula, panda naye daladala mpaka kliniki. Kumwambia "hapana" nako ni kumpenda.

3. Akianguka, usimfukuze. Wengi hurudia kabla ya kusimama imara. Na hapa ndipo penye hatari kubwa: aliyekaa wiki kadhaa bila unga, mwili wake hauwezi tena kiasi cha zamani. Dozi ile ile aliyoizoea inaweza kumuua. Tukimwaibisha atajificha, na aliyejificha hana wa kumwita. Mwambie mapema: "Ukizidiwa nipigie, hata saa nane usiku." Ukimkuta hapumui vizuri au haamki, mkimbize hospitali.

4. Mpe nafasi. Baada ya miezi michache pongezi huisha, upweke unabaki, na maskani ya zamani yapo palepale. Mpe zamu ya usafi kanisani, kiti kwenye kwaya, kibarua. Wala msimsahau mama yake, naye amechoka.

Tafakari

Nani mtaani kwetu tumeacha kumwita kwa jina lake? Wiki hii nitamsalimiaje?

Tusali

Ee Yesu, uliyemgusa mkoma ambaye wote walimkwepa, uwashike mkono ndugu zetu waraibu. Utupe sisi moyo usiochoka wanapoanguka. Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee. Amina.