Mwanzo Mmoja, Maana Mbalimbali: Maneno ya Kiingereza Yanayofanana Herufi za Mwanzo na Urefu kwa Mwanafunzi wa Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Mgeni aliyesimama katika kituo cha magari mjini Kisii akisikia utingo akiita "Nyama..." kisha sauti ikamezwa na honi, hajajua bado gari linaelekea wapi. Majina Nyamache na Nyamaiya yana herufi nane kila moja, na herufi tano za mwanzo ni zilezile. Hata hivyo, Nyamache iko Bobasi katika Kaunti ya Kisii, ilhali Nyamaiya iko Mugirango Magharibi katika Kaunti ya Nyamira. Herufi tatu za mwisho ndizo zimfikishazo msafiri aendako.

Mwanafunzi wa eneo hili hukumbana na hali iyo hiyo katika msamiati wa Kiingereza. Tazama maneno haya: "contain", "concern", "confirm", "confuse", "connect", "consist", "conduct". Kila neno lina herufi saba na kila neno laanza kwa con-. Msomaji mwenye haraka hushika mwanzo, hukadiria urefu, kisha hubahatisha maana. Katika mtihani wa KCSE, ambao karatasi yake ya kwanza ya Kiingereza huwa na kifungu chenye mapengo ya kujazwa, kubahatisha huko humpotezea alama.

Huenda msomaji akauliza: jarida la Kiswahili lina haja gani na maneno ya Kiingereza? Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi anayezungumza Ekegusii na Kiswahili tayari anayo nyenzo ya kulitatua tatizo hili, yaani ujuzi wa kutenga kiambishi na mzizi. Lililobaki ni mwalimu kumwonyesha kwamba anayo.

2. Mwanzo wa neno katika Ekegusii na Kiswahili

Katika lugha za Kibantu, mwanzo wa nomino kwa kawaida hubeba ngeli, na mzizi ndio ubebao maana ya msingi. Tuchukue maneno ya Kiswahili mtu, mti na mto. Yote yana herufi tatu na yote yaanza kwa mt-. Mtu huwa watu, mti huwa miti, na mto huwa mito. Neno la kwanza limo katika ngeli ya A-WA, na mawili yaliyobaki katika ngeli ya U-I. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeyachanganya, kwa sababu sikio lake limezoea kungoja mwisho wa neno.

Ekegusii ni vivyo hivyo. Maneno omosacha (mwanamume), omokungu (mwanamke) na omoiseke (msichana) yana herufi nane kila moja na yaanza kwa omo-. Wingi wake ni abasacha, abakungu na abaiseke. Lakini neno omorembe (amani), ambalo pia lina herufi nane na mwanzo uo huo, halimo katika kundi la watu. Mtoto wa Kisii au Nyamira hupambanua hayo kabla hajaingia darasani.

Tena mwanzo wenyewe hubadilika kufuatana na sauti inayofuata. Twasema ekerogo (kiti), lakini egetabu (kitabu), kwa kuwa eke- hugeuka kuwa ege- mbele ya sauti kama t, k na s. Katika Kiswahili, kiambishi n- huwa m- mbele ya b: twasema nyumba mbovu, wala si "nbovu". Mabadiliko ya namna hii tuyaweke akilini, maana tutayakuta tena katika Kiingereza.

Mazoea ya kutafuta kiambishi yana nguvu hata kwa maneno ya kigeni. Kitabu limetoka katika Kiarabu "kitab", ambamo ki- si kiambishi hata kidogo. Waswahili walilisikia, wakaikata ki-, wakapata vitabu. Nao Abagusii wana egetabu na ebitabu.

3. Kutenga con- na mzizi

Kiambishi con- kilitoka katika Kilatini, na maana yake ya awali ni "pamoja", au kutilia mkazo tendo. Kwa mzungumzaji wa leo wa Kiingereza maana hiyo imefifia sana, wala con- haileti upatanisho wa kisarufi kama m- au omo-. Kwa hiyo mwanafunzi asikodolee macho con-. Aiweke kando na atafute ndugu wa sehemu iliyobaki:

(a) "contain", "retain", "obtain": mzizi wa Kilatini una maana ya kushika.
(b) "consist", "insist", "resist", "persist": kusimama au kusimamisha.
(c) "conduct", "deduct", "product": kuongoza.
(d) "confuse", "refuse", "diffuse": kumimina. Kuchanganya mambo ni kama kuyamimina pamoja hadi yasitofautike.
(e) "confirm": sehemu iliyobaki, "firm", ni neno kamili lenye maana ya imara.

Huu ndio utaratibu tuutumiao kwa soma, msomi, somo, masomo na usomaji. Mizizi ya Kilatini haionekani waziwazi kama ya Kiswahili, lakini ndugu wakiwekwa pamoja, kila mmoja humtambulisha mwenzake.

4. Kisa cha "collect" na "correct"

Mfano ulio mgumu zaidi kwa wanafunzi wetu ni wa maneno mawili yenye herufi saba, yanayoanza kwa co- na kuishia kwa -ect: "collect" (kusanya) na "correct" (sahihisha). Katika matamshi ya Kiingereza maneno haya hutofautishwa na sauti moja tu, /l/ kwa /r/. Ekegusii, katika maneno yake asilia, hakina /l/, kina /r/. Basi mwanafunzi aliyeathiriwa na lugha ya kwanza huweza kuyatamka na hata kuyaandika kana kwamba ni neno moja. Akiagizwa kukusanya madaftari, aanze kuyasahihisha?

Kumcheka hakumfunzi kitu. Mwalimu na amwonyeshe kwamba con- imebadilika hapa kama eke- inavyobadilika: mbele ya l imekuwa col-, na mbele ya r imekuwa cor-. Mbele ya b na p huwa com-, kama katika "combine" na "compose", mfano wa mbovu kabisa. Sasa ondoa kiambishi. "Collect" hubakia na -lect, ndugu ya "elect" na "select", yenye asili ya kuchuma au kukusanya. "Correct" hubakia na -rect, ndugu ya "direct" na "erect", yenye asili ya kunyoosha. Anayejua kwamba kusahihisha ni kunyoosha hataandika l mahali pa r, hata kama ulimi wake bado haujazoea.

5. Tahadhari

Si kila con- ni kiambishi hicho. "Control" ina herufi saba na mwanzo uo huo, lakini asili yake ni "contra" (dhidi ya) na neno lenye maana ya hati iliyokunjwa: ilikuwa hati ya pili ya kulinganishia hesabu. Anayeikata con- hapa hurudia yaliyolipata neno "kitab". Kwa hiyo kamusi haiepukiki.

6. Hitimisho

Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya elimu nchini Kenya imependekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya mwanzo. Mara nyingi lugha hiyo huachwa mlangoni mtoto apandapo darasa, kana kwamba kazi yake imekwisha. Mifano tuliyoiona inaonyesha vingine: maarifa ya omo- na aba- yaweza kumsaidia mtahiniwa wa kidato cha nne. Nasi tunaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili tuna wajibu wa kumwonyesha mwanafunzi njia hiyo.

Zoezi

1. Panga maneno haya kwa mizizi: "conduct", "direct", "select", "correct", "collect", "product".
2. Mto wa maji na mto wa kulalia yana umbo moja. Je, wingi wake unatusaidia kuyatofautisha? Jadili.
3. Kusanya nomino kumi za Ekegusii zinazoanza kwa omo-. Tenga zile ambazo wingi wake una aba- na zile zenye eme-, kisha uzilinganishe na ngeli za A-WA na U-I.