Kisukari na Macho Yetu

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wagonjwa wengi wa kisukari huliacha mpaka jicho limekwisha kuharibika. Mgonjwa hufika kliniki, hupimwa sukari, hupewa vidonge au sindano, kisha hurudi nyumbani. Ukimwuliza habari za macho hujibu: "Mimi naona vizuri." Na anasema kweli. Hatari yenyewe ndiyo hiyo.

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo hupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo, nao hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika na kuvuja, mingine huziba. Retina ikikosa oksijeni, jicho huotesha mishipa mipya, lakini ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Yote haya huendelea bila maumivu yoyote. Mgonjwa hushtuka siku anapoona madoa meusi yakielea, au ukungu, au giza la ghafla.

Je, ni wangapi wanaopatwa? Katika mji wa Chennai, kusini mwa India, wenye kisukari walichunguzwa macho, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005: karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa na madhara kwenye retina. Hata kati ya wale ambao kisukari chao kiligunduliwa katika uchunguzi huohuo, watano hivi kati ya 100 walikuwa wameshaathirika, maana kisukari cha ukubwani huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana. Hapa Tanzania, taarifa ya mwaka 2016 kuhusu wagonjwa zaidi ya 3,000 wa kliniki za kisukari mkoani Kilimanjaro ilionyesha 28 kati ya 100. Tusizilinganishe namba hizi kama matokeo ya mpira, kwani wanaohudhuria kliniki si sawa na wanaotafutwa nyumba kwa nyumba. Lakini kila mahali miaka ya kuugua ikiongezeka, na madhara huongezeka.

Mwenye kisukari cha ukubwani achunguzwe macho mara tu anapoambiwa ana ugonjwa huo, kisha kila mwaka, au kama daktari atakavyopanga. Kijana anayetumia insulini tangu utotoni aanze kabla ya miaka mitano kupita. Mama mwenye kisukari akipata mimba asingoje, kwa sababu ujauzito huweza kuharakisha madhara haya. Kusoma herufi ukutani hakutoshi, wala kununua miwani sokoni. Ni lazima retina yenyewe itazamwe.

Madhara yakionekana mapema, mionzi ya leza au sindano za jicho huweza kuyazuia yasiendelee, ingawa uwezo wa kuona uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi wote. Nyumbani, kazi ni kushusha sukari na pia shinikizo la damu, ambalo wengi hulisahau.

Siku ya uchunguzi utatiwa matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuchoma macho, kwa hiyo usiendeshe gari wala pikipiki. Vaa kofia, na mwombe mmoja wa watoto akusindikize.