Ukoga wa kijani kwenye tangi la samaki

Swali: Niko Mkuyuni, Mwanza, nafuga furu kwenye tangi la kioo sebuleni. Nasugua kuta kila Jumamosi, lakini ikifika Jumanne zimeshakuwa kijani tena. Nifanyeje?

Jibu: Ukoga huo ni mwani mdogo mno. Unastawi kwa mwanga, pamoja na mbolea ya kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Ndiyo maana kusugua peke yake hakutoshi. Sogeza tangi mbali na dirisha, taa isizidi saa 8 kwa siku. Lisha kinachoisha ndani ya dakika 2. Kila wiki badilisha robo ya maji. Ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Usichote ziwani, tafadhali: utaleta mwani zaidi, na ufukweni kuna kichocho.

Kwa kukwangua, kadi ya benki iliyoisha muda yatosha. Ilaze kidogo, shuka nayo taratibu kutoka juu, usimame vidole viwili kabla ya mchanga. Punje moja ikinasa kwenye kadi huchora mstari usiofutika. Sabuni usitumie kabisa, hata mikononi suuza vizuri.

Ukuta wa nyuma mimi huuacha uwe malisho ya samaki. Baadhi ya furu wa miambani, wanaoitwa mbipi huku Mwanza, hukwangua mwani kwenye mawe ya ziwa letu. Ukiwa nao, watazame asubuhi: wanadonoa na kuacha alama ndogo kwenye kioo.