Pedali ya breki ikizama: mambo ya kufanya kabla ya kupakia mzigo

Lori la viazi likitoka Molo kwenda Nakuru hushuka zaidi ya mita 500. Njiani kuna Sachang'wan na Salgaa, miteremko iliyoua watu wengi. Dereva ambaye breki yake inazama anaweza kupita hapo mara kumi salama, na mara ya kumi na moja akakanyaga asipate kitu.

Somo hili ni la wenye pikapu na malori madogo ya zamani yanayotumia mafuta ya breki. Malori makubwa yenye breki za upepo yapelekwe kwa fundi anayezifahamu.

Kwa nini pedali inakuwa laini?

Mafuta ya breki hayabonyei. Ukikanyaga, nguvu ya mguu hutoka kwenye masta silinda na kufika moja kwa moja kwenye magurudumu. Hewa ikiingia ndani ya paipu, hiyo hubonyea, na dereva huhisi kama anakanyaga sifongo.

Mafuta yaliyozeeka nayo ni hatari kwa sababu hunyonya unyevu. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwa nyuzi 140. Breki zikipata moto mteremkoni, mafuta hayo hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa.

Pima kwanza

Simamisha gari pahali tambarare, kisha ukanyage:

- Pedali ikipanda baada ya kupampu mara mbili tatu, kuna hewa ndani, au breki za nyuma zimelegea na zinahitaji kukazwa.
- Ikishuka polepole huku umeikanyaga, mafuta yanavuja au mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha. Kagua kila gurudumu na kila paipu. Rekebisha hitilafu hiyo kwanza. Kutoa hewa pekee hakutasaidia.
- Mwambie mwenzako akanyage huku ukitazama paipu za mpira karibu na magurudumu. Inayovimba ibadilishwe.

Kutoa hewa, watu wawili

1. Zuia magurudumu kwa mawe au magogo. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
2. Jaza kopo la mafuta ya breki kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Usitumie mafuta ya injini hata kidogo. Huvimbisha na kuharibu mipira.
3. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu mengi ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.
4. Vika paipu nyembamba ya plastiki kwenye nipo ya kutolea hewa. Ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ya breki.
5. Mwenzako akanyage na kushikilia. Fungua nipo, mafuta na mapovu yatoke, kisha ufunge. Hapo ndipo aachilie pedali. Akiachilia mapema, hewa itarudi ndani.
6. Rudia hadi mapovu yaishe. Ongeza mafuta kila mara. Kopo likikauka, mtaanza upya.

Kwa gari la zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Sehemu ya masta silinda ambayo haijatumika kwa miaka huwa na kutu, na kutu hukata mipira.

Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye gari, yasimwagwe shambani, wala yasiachwe kwenye chupa ya soda ambapo mtoto anaweza kuyanywa.

Kabla ya kurudi barabarani

Washa injini, kanyaga kwa nguvu na ushikilie nusu dakika. Pedali ikibaki juu na ngumu, jaribu gari polepole bila mzigo. Ikiendelea kuzama, gari lisitoke, mwite fundi.

Magari ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini ukaguzi huo ni wa siku moja. Siku nyingine zote mkaguzi ni wewe dereva, na pedali hukwambia hali yake kila asubuhi kabla hujaondoka. Viazi vikichelewa kufika sokoni hasara yake inalipika, maisha hayalipiki.